Siku ya Israel kando ya ziwa la Wisconsin

(Haya niliyasema Minneapolis, katika mkutano wa wazazi wanaozungumza Kiswahili waliokuwa wakipanga kambi ya watoto ya kiangazi. Nimeyaandika upya kidogo kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kinakatika, na waliokaa nyuma walisema wameambulia vicheko tu.)

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wasio wa huku wala kule, hamjambo. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kuwataja wakubwa mmoja mmoja chai itapoa.

Mwenyekiti aliponipigia simu nilimwuliza, "Dada, mimi dereva wa basi la shule nitawaambia nini watu?" Akanijibu, "Si wewe uliyepika kwenye kambi ya Wayahudi? Njoo utueleze wanafanya nini hata watoto wao hawasahau kwao." Basi nimekuja na hayo ya jikoni, sina mengine. Ila hilo neno "kwao" nalishika kwanza, maana ndilo lenye mtihani. Watoto niliowapikia walikuwa Wamarekani. Wazazi wao wamezaliwa Chicago na Milwaukee. Mababu walitoka Poland, Lithuania, Ukraine. Wengi wao Israel hawajaikanyaga. Na bado kila Julai walitengewa siku nzima ya kuisherehekea, na waliisherehekea kwa vigelegele kama watu waliofika juzi tu kutoka huko. "Kwao" ile ilikuwa imetengenezwa, kwa mbao, kwa unga na kwa maboksi. Mimi nimeiona ikitengenezwa, na maboksi yalikuwa yangu.

Nilifika Wisconsin mwezi wa Juni 2014, kijana wa miaka 22 kutoka Wete, Pemba, na viza ya J-1, ile ya kubadilishana utamaduni. Utamaduni niliobadilishana mwanzoni ulikuwa wa kumenya viazi. Kambi iko msituni, kando ya ziwa. Watoto kama 300 wanalala kwenye vibanda vya mbao majuma manane, bila simu, bila mama. Wenzetu hawa hawakuanza jana. Mwaka 1941 ilianzishwa kambi ya Massad, iliyokuwa ikiendeshwa kwa Kiebrania kitupu. Mwaka 1947 ikaja kambi ya kwanza ya Ramah, mahali paitwapo Conover, huko huko Wisconsin. Mwaka 1952 Wayahudi wa mkondo wa Reform wakafungua yao Oconomowoc. Sasa zimejaa Marekani nzima, za wacha Mungu na za wapenda mpira.

Siku ya kwanza nilipewa karatasi yenye ramani ya kambi. Bwalo la chakula limeandikwa khadar okhel. Kibanda cha kulala ni tsrif, zahanati ni mirpaa, ziwa ni agam. Matangazo yote yanatolewa kwa Kiingereza, lakini kila kitu kina jina lake la Kiebrania, na hakuna anayekutafsiria. Mtoto akitaka kwenda kuogelea lazima aseme agam, la sivyo hata wenzake watamcheka. Nyumbani kwetu hapa tunafanya kinyume, si ndiyo? Sentensi nzima Kiswahili, halafu kila kitu cha maana tunakipa jina la Kiingereza. "Mwanangu, weka backpack kwenye garage." (Kicheko.) Mnacheka, lakini mtoto anasikia. Anajua lipi ni la pambo na lipi ni la kazi.

Mimi sikuwahi kusoma Kiebrania hata herufi moja, ila masikio yangu ya Pemba yalianza kuokota vitu. Soko wanaliita shuk. Mia ni mea. Elfu ni elef. Saba ni sheva. Nafsi ni nefesh. Kabla ya chakula wanagonga meza wakidai ruakh, yaani shamrashamra, uchangamfu, na neno lenyewe ni roho. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa damu, na Kiswahili kimekopa kwa Kiarabu miaka mingi, basi nikajikuta nimekaa na binamu ambaye hakuna aliyewahi kunitambulisha kwake.

Sasa niwapeleke kwenye siku yenyewe.

Sikukuu ya uhuru wa Israel huangukia Aprili au Mei, na wakati huo kambi zimefungwa, watoto wako shuleni. Kwa hiyo kambi hujichagulia siku yao katikati ya kiangazi na kuiita Yom Yisrael, Siku ya Israel. Wanaoiandaa ni vijana wa Kiisraeli wenyewe. Shirika la Jewish Agency hupeleka zaidi ya 1,000 kila kiangazi kwenye kambi za Amerika Kaskazini, wengi wao wametoka jeshini punde tu. Kwetu walikuwa kumi na kitu. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuja jikoni wakaomba maboksi yote ya mboga. Asubuhi nikakuta Ukuta wa Maombolezo wa Yerusalemu umesimama nyuma ya bwalo, umepakwa rangi ya mawe, na ukisogea karibu unanuka vitunguu. Watoto walikuwa wanaandika dua zao kwenye vikaratasi na kuvichomeka kwenye nyufa za maboksi. Mwanzoni niliona ni mchezo. Halafu nikamwona mtoto mmoja wa miaka kumi hivi amekunja karatasi yake mara nne, tano, mpaka ikawa kama punje ya mahindi, na anaisukuma kwa kidole huku amefumba macho. Nikaacha kucheka.

Walianza siku kwa ndege. Ndege ni viti vilivyopangwa safu bwaloni, msimamizi mmoja amejifunga skafu shingoni anagawa juisi, mwingine anatikisa viti vya nyuma ili pawe na mawingu. Waliambiwa ndege ikitua Tel Aviv abiria hupiga makofi, basi watoto 300 wakapiga makofi. Baada ya hapo kila kundi na kituo chake. Bahari ya Chumvi ilikuwa bwawa la plastiki lenye maji na magunia ya chumvi yangu ya jikoni, pembeni ndoo za matope ya kujipaka. Kulikuwa na hema la jangwani lenye chai ya mnaanaa. Kulikuwa na gaga, mchezo ambao watu wa kambi husema uliletwa na Waisraeli: uzio wa mbao wa pembe nane, mpira unapigwa kwa kiganja, ukikugusa miguuni umetoka. Watanzania, hiyo ni rede iliyowekewa ukuta. Wakenya, ninyi mnaiita kati. Kilikuwapo pia kituo cha kijeshi, watoto wanatambaa chini na kupiga kelele za makamanda. Hicho sikukipenda siku ile na sikipendi leo.

Lakini penyewe palikuwa sokoni.

Walijenga shuk kwa meza za bwalo: matango, zabibu, bisikuti, bangili, vitambaa. Kila mtoto kapewa shekeli za karatasi. Wauzaji ni Waisraeli, wanapaza sauti kama wako Machane Yehuda, soko kubwa la Yerusalemu. Tatizo likawa moja. Mtoto wa Kimarekani akiambiwa bei, analipa. "Bangili shekeli ishirini." Anahesabu ishirini, anatoa, anashukuru, anaondoka. Msichana aliyekuwa akiuza alikuwa anakaribia kulia. "Bishana na mimi!" anamwambia mtoto. "Niambie ni ghali! Niambie mimi mwizi!" Mtoto anamtazama kwa adabu. Nami nimesimama pale na sinia la mikate kichwani, sikuweza kuvumilia. Nikaweka sinia chini, nikashika bangili, nikaigeuza, nikaguna. "Ishirini? Hii? Dada, hii hata bati haijawa." Akasema kumi na nane. Nikacheka, nikaondoka hatua tatu. Akaniita. Nikarudi, nikamwambia mama yangu mgonjwa. Akaniambia na wake pia mgonjwa. Watoto wakaanza kukusanyika. Tulifunga kwa shekeli sita na kipande cha tango juu, naye akanishika mkono kama ndugu yake aliyepotea. Kuanzia hapo soko likawa soko. Watoto walikuwa wanaondoka hatua tatu, wanasubiri kuitwa.

Nimefikiri sana kuhusu ile nusu saa. Kuna maelezo marefu yaliyokuwa yamebandikwa ukutani juu ya masoko ya Yerusalemu, hakuna aliyeyasoma.

Sasa mjue kwamba tango langu sikulila, maana ilikuwa Ramadhani. Ramadhani ya kiangazi cha Wisconsin, ndugu zangu, jua linatua saa tatu kasorobo usiku. Nimefunga saa 17 na nasukuma mikate ya pita 600. Jiko lile ni la kosher, yaani la sheria ya chakula ya Kiyahudi: jiko la nyama mbali, jiko la maziwa mbali, vyombo vyekundu na vyombo vya buluu, na msimamizi wa dini anayezunguka na macho kama ya mwewe. Mwislamu hapati tabu mahali kama hapo. Nguruwe hayupo, na kila mtu anajua maana ya kuwa na chakula usichokila.

Aliyekuwa akinisaidia siku hiyo ni kijana wa Kiisraeli ambaye bibi yake alitoka Yemen. Aliponda pilipili mbichi, kotimiri, kitunguu saumu, akatia iliki, wao huiita hel. Chachandu hiyo wanaiita zkhug. Pembeni akafungua chupa ya kitu cha manjano. Harufu ikanipata kabla hajaniambia jina. Amba. Achari ya embe! Wayahudi wa Baghdad waliokuwa wakifanya biashara Bombay ndio waliohusishwa nayo, ikaenda Iraq, na Wairaki wakahamia nayo Israel, ambako inamwagiwa kwenye mkate wa biringani na mayai unaoitwa sabikh. Mimi nikamwambia kwetu tunda lenyewe ni embe, na achari yake mama yangu anaianika juu ya bati. Alinitazama kama nimemwibia. Jua lilipotua alikuwa amenifichia sahani: pita, biringani, yai, amba, na kachumbari ya nyanya na matango iliyokatwa ndogo ndogo ambayo wao wanaiita saladi ya Kiisraeli. Nikafuturu nimekaa juu ya kreti la maziwa nje ya mlango wa jiko.

Ndipo nikaanza kuelewa kwamba hicho walichokuwa wakikiita utamaduni wa Israel ni kapu la vitu vya watu wengi. Pilipili ya Yemen, achari ya Iraq, na ngoma zao zina hatua inayoitwa hatua ya Kiyemeni. Usiku ule walicheza ile ya "Mayim Mayim", yaani maji, maji. Ngoma hiyo ilitungwa mwaka 1937 kusherehekea maji yaliyopatikana katika kijiji cha ujamaa cha Na'an. Maneno yake ni ya nabii Isaya, Wakristo mnayajua, sura ya 12: "Basi, kwa furaha mtateka maji katika visima vya wokovu." Duara linazunguka, halafu wote wanakimbilia katikati mikono juu, wanarudi, wanakimbilia tena. Ngoma ya watu waliohangaika na ukame, inachezwa kando ya ziwa, katika jimbo lenye maziwa maelfu. Hakuna aliyeona ajabu, hata mimi. Nilikuwa kwenye duara.

Sitawaficha na hili. Mwaka ule ulikuwa 2014. Tarehe 8 Julai vita vya Gaza vilikuwa vimeanza. Uwanjani Waisraeli walikuwa wamechora kwa chokaa ramani kubwa ya nchi, watoto wanaruka kutoka Haifa hadi Yerusalemu, kutoka Yerusalemu hadi Eilat. Binti mmoja wa miaka 14 hivi akauliza, "Gaza iko wapi hapa?" Kwenye ramani haikuwapo. Wala Ukingo wa Magharibi haukuwa na mstari. Kijana aliyekuwa akiongoza kituo hicho, kaka yake alikuwa ameitwa jeshini wiki ile ile. Alisimama na kopo la chokaa mkononi, kimya, muda mrefu kuliko mtoto anavyozoea kumwona mkubwa akiwa kimya. Halafu akainama, akachora kipande chembamba kando ya bahari. Akakaa chini, watoto wakakaa. Waliyozungumza sikuyasikia yote, nilikuwa napita na mapipa ya maji. Nilichokiona ni kwamba kengele ya kituo kinachofuata ililia na hawakunyanyuka.

Wiki hiyo hiyo mama alinipigia kutoka Wete. Ameona televisheni. "Unapika kwa nani huko, mwanangu?" Nikamjibu, "Kwa watoto, mama." Jibu lile lilikuwa kweli na halikutosha. Vita vilipokoma mwishoni mwa Agosti, Wapalestina waliouawa Gaza walizidi 2,000, na upande wa Israel walikufa zaidi ya 70. Nimekaa na sahani ile ya biringani na nimekaa na simu ile ya mama, na mpaka leo moja haijaifuta nyingine. Wapo wasimamizi wa zamani wa kambi hizi, Wayahudi wenyewe, ambao wamekuwa wakizidai zifundishe habari za Wapalestina pia, na wapo wazazi waliokasirika kusikia hivyo. Mimi upande wangu ni wa yule binti. Sherehe isiyoweza kuulizwa swali la mtoto wa miaka 14 ina kasoro, iwe yao au yetu.

Na iwe yetu, narudia. Kuna watu wa Eldoret humu? (Mikono mitatu.) Mwaka 1903 Waingereza walikuwa tayari kuwapa Wayahudi nyanda za juu za Uasin Gishu, bila kumwuliza hata mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe pale. Jambo likajadiliwa kwenye mkutano wa Wazayuni huko Basel, na 1905 wakalikataa. Vitabuni linaitwa Mpango wa Uganda, ingawa mahali penyewe leo ni Kenya. Hayo nilihadithiwa na mwalimu mzee wa pale kambini, baada ya watoto kuniuliza kama Afrika Mashariki kuna Wayahudi. Niliwajibu wapo: Nairobi kuna sinagogi la siku nyingi, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, walioifuata dini hiyo tangu enzi za kiongozi wao Semei Kakungulu, 1919. Mzee akacheka, akasema, "Nusura tuwe majirani." Nikamwambia inategemea mngekalia wapi, na nani angehamishwa. Akakubali kwa kichwa.

Basi tuje kwenye kambi yetu. Nimesoma karatasi ya ratiba mliyogawa. Saa tatu hadi saa sita, masomo ya Kiswahili: ngeli. Jamani. Mtoto ametoka shule mwezi wa sita, mnampa ngeli mwezi wa saba?

Niwe mkweli kuhusu mafanikio yao pia, ili mtu asije akanilaumu. Watoto wale hawakijui Kiebrania. Mtoto anakwenda kambini miaka saba na bado hawezi kuomba njia Tel Aviv. Massad waliokazania lugha tupu walifunga milango mwaka 1981. Ramah nao walianza na ndoto ya Kiebrania kila mahali, na leo Kiingereza ndicho kinachobeba, Kiebrania kinanyunyizwa juu. Kwa hiyo mzazi anayetarajia mwanawe arudi baada ya wiki moja akighani tenzi, apunguze. Atarudi na maneno mia hivi na nyimbo tano. Ila maneno hayo mia yatakuwa ya kwake, ameyapata kwa jasho, sokoni na uwanjani, si kwa kufokewa mezani. Naona hayo ni mengi. Kuna baba hapa mbele ananitikisia kichwa. Tutabishana wakati wa chai.

Halafu tusijidanganye kwamba "kwetu" ni pamoja. Humu yumo wa Bukavu, wa Kigoma, wa Mombasa, wa Bujumbura, na wapo ambao Kiswahili ni lugha yao ya tatu. Wale Waisraeli waliamua kwamba achari ya Iraq na hatua ya Yemen ni vyao wote, na mtoto wa babu wa Poland akavila na kuvicheza. Sisi tuna rede, mdako, kombolela, tuna bao, tuna mihogo na sombe na mahamri. Tunaweza kuweka soko. Nitauza mimi, na atakayelipa bei ya kwanza nitamfukuza.

La mwisho ni hili, kisha nakaa. Jumamosi usiku, Sabato inapokwisha, walikuwa wanakwenda ziwani na mshumaa uliosukwa. Kuna kikopo cha viungo kinachopitishwa mkono kwa mkono, kila mtu ananusa ili utamu wa Sabato umsindikize kwenye juma. Jumamosi yangu ya kwanza kiliponifikia, nikanusa. Karafuu. Wete nzima ilikuwa ndani ya kikopo kile: majamvi barabarani, karafuu zinaanikwa, baba anazigeuza kwa mguu. Nilikishika muda mrefu mno, mtoto wa pembeni akanigusa kiwiko, zamu yake. Leo nimeleta mfuko mdogo, uko pale karibu na birika, anayetaka kutia kwenye chai atie.

Nimeleta pia vibao kumi na viwili na kalamu ya wino mzito, tuandike majina ya milango kabla hatujatawanyika. Tuanze na mlango ambao kila mtoto atautafuta siku ya kwanza, wa choo.

(Hapa mama mmoja wa Tanga alisema iandikwe "msalani", ni adabu zaidi. Kijana wa Nairobi akasema choo ni choo, mtoto akiwa na haraka hasomi adabu. Mzee mmoja akauliza "maliwato" limekosa nini. Mwenyekiti akaomba watu waongee mmoja mmoja. Chai ikapoa. Nilipoondoka, kibao cha kwanza kilikuwa bado kitupu, na baba wa safu ya mbele ndiye aliyekuwa ameishika kalamu.)